Mawe Chini ya Karavani

Enzi zetu, na nyinyi mliokulia Mururu mtanielewa, mtoto hakuhitaji kuambiwa mlima umeinama upande gani. Aliangalia sahani. Kwetu Maman alimwaga mchuzi wa sambaza, wale vidagaa wa ziwa Kivu, katikati ya sahani kubwa ya bati, na kabla Papa hajamaliza kuombea chakula, mchuzi wote ulikuwa umeshahamia upande wa bondeni, mbele ya kaka yangu Dezire, aliyekuwa akisali macho wazi. Sisi wa upande wa juu tulibaki na bugali mkavu na amina.

Siku hizi kijana akitaka kujua kama meza imenyooka anailaza simu juu yake. Simu inamjibu kwa namba, naye anapiga picha awaonyeshe watu ambao hawatakula kwenye meza ile. Sisi kipimo chetu kilikuwa mchuzi, na hakikuwahi kuisha chaji.

Nieleze kwanza tulivyokuwa tunakaa, maana nikiwasimulia wanangu wanadhani natunga. Tulikuwa tunaishi ndani ya gari. Na si gari bovu la kutupwa: gari lenye nyumba mgongoni, vitanda vya kukunja, jiko la gesi lisilo na gesi, bomba lisilo na maji, na madirisha yenye vipazia vya maua ambavyo Maman alivifua kila Ijumaa. Tuliliita Karavani. Aliyelileta Bukavu alikuwa mzungu mmoja mtaalamu wa udongo, na Papa alikuwa dereva wake. Vita vilipoanza kunukia kule, mzungu akapanda ndege, akamwachia Papa funguo, akasema atarudi. Mpaka leo tunamsubiri na chai imepoa.

Sisi ni Wanyarwanda wa Kongo. Nyogokuru, yaani bibi yetu mzaa Papa, ndiye aliyevuka mto Rusizi zamani akikimbia, na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye Papa. Alikulia Bukavu, mtaa wa Kadutu, akaoa Bukavu, akatuzaa Bukavu, kisha Bukavu ikamchoka. Basi tukavuka kurudi tulikoambiwa ndiko kwetu, Rwanda, kupitia daraja la Rusizi II, tukiwa ndani ya Karavani, tukiwapungia watu mikono kama wanamuziki wa Kinshasa walioshuka kwa ziara. Wenzetu walivuka na godoro kichwani. Sisi tulivuka na vipazia.

Mlima wa Mururu tuliukuta kimya, mauaji yakiwa yamepita. Watoto hatukuelewa ukimya ule. Tulijua tu kuna nyumba ambazo milango yake ilikuwa wazi na hatukuruhusiwa kucheza karibu nazo, na watu wakubwa wakipita mbele yake waliacha kuongea. Miongoni mwetu tuliorudi, wengine waliingia humo, maana mvua haiulizi. Papa alikataa. Alisema, “Nyumba ya muntu ni ya muntu, hata kama hayuko.” Kwa hilo sitamcheka hata kidogo. Kwa mengine yote, mniruhusu.

Tulipewa kipande cha mlima, nacho kilikuwa mlima kweli, si kipande. Mbuzi wa Mzee Silasi, jirani yetu wa chini, alikuwa akila amejiegemeza. Mtu mwenye akili angechimba kwanza apate sehemu tambarare. Papa aliliingiza gari kwa maringo, akaligeuza mpaka pua ikatazama Bukavu, akavuta breki ya mkono na kushuka akipangusa mikono.

“Tusichimbe,” alisema. “Siye tuko tunapita tu. Wiki mbili, mambo ya kule itatulia, tunarudia Kadutu.”

Nyogokuru alikuwa dirishani. “Na miye baliniambiaka wiki mbili,” alisema. “Ulikuwa haujaota meno.”

Mzee Silasi, ambaye alikuwa mtu wa huruma, alituletea nivo, kile kipimo cha waashi chenye kipovu kinachotembea ndani ya kioo. Papa alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakirudisha. Nivo, alisema, ni chombo cha mtu anayejenga. Ndiyo maana tukabaki na mchuzi.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani Papa hakujua kazi. Hapo ndipo penye kichekesho. Hakuna mtu Cyangugu nzima aliyejua kama yeye namna ya kulilaza gari muda mrefu. Kila Jumapili baada ya misa wanaume walikuja kulizunguka Karavani, na Papa, akiwa amevaa koti lake la misa, alitoa hotuba ndefu kuliko ya padri.

“Gari ya kukaa haipashwe kubebwa na mapine,” alisema. Mapine ni matairi kwa lugha yetu, na kriki ni jeki. “Pine ikibeba uzito siku yote bila kutembea, inapasuka mbavu. Unafanya je? Kwanza unafunga magurudumu na mawe, mbele na nyuma, gari isitembee. Kiisha unaweka kriki. Lakini chini ya kriki unatia ubao mupana, kwa sababu udongo ukilowa unameza kriki yote. Na unanyanyua ku shasi, ule mufupa wa gari. Usinyanyulie ku sakafu, utaitoboa! Unasimamisha nguzo ine, zote sawa, halafu unashusha pole-pole.”

“Mbona ya kwako haiko hivyo?” aliuliza mmoja.

“Ya kwangu haikae. Iko inapita.”

Kwa Papa, gari lililowekwa juu ya mawe lilikuwa maiti. Matairi yaguse ardhi, pua itazame daraja, na kila Jumamosi injini iwashwe isisahau kazi yake. Moshi uliingia wote ndani, Nyogokuru akalalamika kwamba mwanawe anamkausha kama sambaza wa kisiwa cha Nkombo. Hewa ya matairi nayo ilivuja, tukaazima pampu ya baiskeli ya Mzee Silasi na kupuliza kwa zamu. Watoto wa leo hulipia mahali pa kutokwa jasho, wanakimbia juu ya mkanda na hawafiki popote. Sisi tulipuliza matairi ya gari lisilokwenda popote, bure, na tukachapwa tukipunguza kasi. Tofauti ni kwamba wao wanavaa viatu.

Wakati wote huo Maman hakubishana. Alikuwa akiwapelekea wale wanaume chai, anasimama kidogo na sinia yake, anasikiliza hotuba, anaondoka. Kila Jumapili. Sisi tulidhani anampenda sana mumewe.

Halafu ukaja msimu wa mvua ndefu. Adhuhuri moja tulikuwa mezani ndani ya Karavani, mvua inapiga bati kama mtu anayedai haki yake, na udongo chini ya gurudumu la mbele ukalainika. Karavani ikashtuka. Ikazama pua, ikateleza kuelekea bondeni, kisha gurudumu likagonga jiwe na kusimama. Sahani ya bugali iliruka. Dezire kwa mara ya kwanza alikosa mchuzi. Kitanda cha Nyogokuru kiliteremka na mwenyewe juu yake, amejifunga kitandani kwa kikwembe, kitenge chake, kama alivyozoea ili asidondoke usingizini, kikaenda kusimama nyuma ya usukani.

Nyogokuru akafungua macho, akatazama kioo cha mbele. “Tumefika Bukavu?”

Tulicheka mpaka tukalia. Hata Papa alicheka. Maman hakucheka. Alitoka nje mvua ikimnyeshea, akasimama akitazama chini: nyumba ya Mzee Silasi, migomba yake, kisha mteremko mtupu hadi mtoni. Aliporudi ndani kikwembe kilikuwa kimemganda mwilini na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nyinyi mliolelewa na akina Maman wa enzi zile mnaijua sauti ile. Ya ukali haikutisha. Hii ilitisha.

“Papa Dezire. Nilivuka daraja na batoto yangu bazima. Sitabazika kwa ajili ya motokari ya muzungu. Utainyanyua, ao miye na batoto na mama yako tunaenda kulala ku kanisa.”

“Kuitia mawe ni kuizika, Maman Dezire.”

“Basi tia mawe ya wiki mbili tu.”

Papa alifikiri. Wiki mbili zilikuwa kipimo chake mwenyewe, hakuweza kukikataa. Mvua ilipokatika alifunga magurudumu, akalaza ubao, akasimamisha kriki na kuanza kunyanyua, sawasawa na hotuba. Maman aliingia chini na mawe. Papa hakutaka kuinama matopeni na suruali yake, wala hakutaka kuona gari lake likitendewa hivyo. Alisimama kando, mkono kwenye kriki, uso umegeukia Bukavu.

“Usiweke mingi! Mapine iguse chini!” alisema akishusha. “Inagusa?”

“Inagusa,” sauti ya Maman ilijibu kutoka chini.

Haikugusa. Mimi na Dezire tulikuwa tumelala kifudifudi kwenye majani, tunaona. Kati ya tairi na ardhi paka angepita bila kuinamisha mkia. Maman alitutazama kwa jicho moja tu, tukaelewa.

“Batoto, inagusa?” Papa aliuliza.

“Inagusa, Papa!”

Jioni ile mchuzi ulikaa katikati ya sahani kwa mara ya kwanza. Tuliutazama kwanza, hatukujua tuanzie wapi kula.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila mvua kubwa ikipita, udongo ulishuka kidogo, mchuzi ukaanza kusafiri, Papa akatoa kriki. Yeye ananyanyua, Maman anaweka, Papa anauliza, sisi tunajibu kama kwaya. Mbao zilizoliwa na mchwa Maman alizitoa akaweka jiwe. Jiwe dogo alilitoa akaweka kubwa. Baadaye akaweka jiwe kati ya jiwe na jiwe, “zisitembee.” Kisha akaleta kuku. Kuku wanahitaji banda, na banda gani bora kuliko chini ya Karavani? Akazungushia matete pande zote, ikawa hakuna kinachoonekana ila vifaranga. Dereva mwenye heshima haingizi kichwa kwenye kinyesi cha kuku. Papa hakuwahi kuangalia chini tena.

Maman alikuwa akichukua sambaza kwa wanawake wa Nkombo asubuhi, anavuka daraja kwenda kuziuza Bukavu, anarudi na unga wa muhogo. Hivyo ndivyo Papa alivyojua. Kwamba baadhi ya mifuko ya unga ilikuwa mizito kuliko unga na ilikuwa ya rangi ya majivu, hakuuliza. Mwanaume wa enzi zile hakupekua mzigo wa jikoni, ingekuwa aibu kwake.

Na huko ng’ambo Maman alikuwa ameshaiona nyumba yetu ya Kadutu. Kulikuwa na familia nyingine ndani, wametia pazia na wamepanda maua. Alimwambia Papa akiwa anasonga bugali, bila kugeuka.

“Ah, bale,” Papa alisema. “Bale nabo banapita tu, kama siye.”

Miaka ikapita badala yetu. Vita vya kwanza kule vikaisha, vya pili vikaanza. Milio ya bunduki ikivuka mto Papa alitoka, anapanda kwenye kiti cha dereva na kushika usukani, mikono yote miwili, mpaka kutulie. Tulikuwa tunamchungulia na kucheka. Sasa nimezidi umri aliokuwa nao siku zile, na sicheki sana nikifika hapo. Alikuwa na wadogo zake wawili kule, na siku hizo daraja lilifungwa, hakukuwa na njia ya kuuliza.

Siku moja redio ikasema kumetulia, na wavukaji wakasema vilevile. Papa akatangaza: Jumamosi tunaondoka. Aliipangusa Karavani mpaka ikang’aa. Alivaa koti la misa. Majirani wakaja na ndizi na viazi vya safari, Mzee Silasi akasali sala ndefu ya kutuaga, wanawake wakalia kidogo kama inavyopasa. Nyogokuru aliketi kitandani na mkeka wake umekunjwa mapajani, kama siku ile ya zamani. Maman alipakia kila kitu alichoambiwa apakie. Alifunga mafundo, akayafungua, akayafunga tena, na mimi nikadhani ni furaha.

Papa akawasha. Injini, ambayo haikuwa na kosa lolote, ikaitika mara moja. Akaingiza gia, akatoa breki, akatoa mkono nje ya dirisha kuuaga mlima.

Mlima haukuondoka.

Akaongeza mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kwa furaha kabisa, hewani, yakipuliza manyoya. Kuku wakatoka kwenye matete kila upande wakipiga kelele. Papa aliendelea kutazama mparachichi wa Mzee Silasi nje ya kioo, akingoja urudi nyuma, na mparachichi ukabaki pale pale. Watu walijizuia. Mimi niliwaona wakijizuia, wanaume wazima wameziba midomo kwa kofia.

Papa akashuka. Akang’oa matete. Akapiga magoti na koti lake la misa kwenye kinyesi cha kuku, akaingiza kichwa. Alikaa humo muda mrefu. Kulikuwa na nini cha kuona? Kulikuwa na ukuta wa mawe pande zote nne, umeshikwa kwa saruji, umekaa chini ya shasi na si chini ya sakafu, mpana chini kama ubao wa kriki, na pembe zake zote sawa. Msingi wa nyumba. Karavani ilikuwa juu yake kama kofia.

“Nani amejenga hapa?” alisema alipotoa kichwa.

“Wewe ulinyanyua,” Maman alisema. “Miye niliweka tu.”

Hapo hakuna aliyecheka. Papa alikuwa amegeuka rangi na sisi tulijua anaweza kuubomoa ule ukuta kwa mikono yake, alikuwa mtu wa hasira, na majirani walikuwa wamemwona. Alichukua kriki. Aliishika kama nyundo. Maman hakusogea.

Ndipo Nyogokuru akaita kutoka dirishani. Hakuita kwa nguvu.

“Mwana wangu. Nilikubeba ku mugongo, banasema wiki mbili. Nimechoka kupita. Unitelemushe.”

Papa aliweka kriki chini. Akaingia, akambeba mama yake na mkeka wake, akamketisha kwenye majani. Kisha akaomba bakuli la maji. Akaliweka juu ya meza ya Karavani, akaliinamia, akalitazama. Maji yalitulia. Papa alilia, nasema wazi maana yeye mwenyewe hakuficha, mabega yanatikisika mbele ya watu wote na injini bado inanguruma bure.

“Iko sawa,” alisema. Akazima injini. Halafu, maana ni Papa, akaongeza: “Lakini kona ya kushoto mumeikosea.”

Wiki ile ile alinunua nivo yake. Kuta zikapanda juu ya msingi wa Maman, bati la Karavani likawa paa la jiko, vipazia vikahamia madirisha ya kweli, na Papa akawa balaa la mlima mzima. Ukimkaribisha chai alilaza kwanza nivo juu ya meza yako, akatikisa kichwa. Hata altare ya kanisa aliipima. Padri alimwomba kwa upole arudi kwenye benchi.

Amezikwa hapo hapo Mururu, juu kidogo ya nyumba. Siku tuliyomshusha, mmoja wa walioshika kamba aliuliza wenzake kama jeneza limefika chini. Kabla hawajajibu, Maman alisema, kwa ile sauti yake ndogo, “Inagusa.” Safari hii ilikuwa kweli.

Naandika haya mezani, juu ya msingi ule ule. Mchuzi wa sambaza umetulia katikati ya sahani na hakuna wa kuugombania. Dezire yuko Kampala, wadogo zangu wako wanakokujua wenyewe. Kijana wangu wa kwanza amepanga chumba Kigali. Nilikwenda kumtembelea: godoro chini, nguo ndani ya sanduku, ukutani hakuna hata msumari. Mtoto mwenye simu inayojua kama meza imenyooka, na meza hana. Nilimuuliza kwa nini asinunue hata kiti.

“Maman, niko hapa kwa muda tu,” aliniambia mimi mama yake, kichwa hajakiinua kwenye simu. “Nangojea viza ya Kanada itoke.”

Nilitazama uso wake, nikaona mtu ameshika usukani.

Sikubishana naye. Sisi akina Maman hatubishani. Safari iliyofuata nilimpelekea mfuko wa sambaza kavu, na ndani yake jiwe moja zito la Mururu. Akaligeuza geuza, akaniuliza la nini. Nikamwambia ni la kuzuia mlango usipigwe na upepo, wiki mbili tu.